Mapacha Ambao Hawakuwepo

Cheptiret nzima ilinihesabia mapacha kabla sijamaliza mwezi wa nne. Mama anayeuza maziwa stejini ndiye aliyeanza. Alinitazama tumboni, akacheka, akaniambia nitafute majina mawili. Makanga wa matatu za Eldoret wakaanza kunipa kiti cha mbele bila mimi kuomba. Mama mkwe akanunua shali mbili, moja ya manjano na nyingine ya kijani, rangi ambazo haziulizi kama ni msichana au mvulana. Hata mimi niliamini. Tumbo la miezi minne lilikuwa limejaa kama la miezi sita, sasa ningewaza nini kingine?

Hakukuwa na mapacha. Kulikuwa na mtoto mmoja na uvimbe mmoja ndani ya mfuko mmoja wa uzazi. Uvimbe huo unaitwa faibroidi, na wangu ulikuwa wa saizi ya embe. Nilikuja kuyajua haya mwaka mmoja na nusu baadaye, mtoto akiwa hayupo tena, na shali zote mbili zikiwa zimekunjwa kwenye kabati la mama mkwe.

Naandika nikiwa na hasira na sitajifanya sina. Sina hasira na uvimbe. Uvimbe hauna akili, haunijui. Hasira yangu ni kwa neno moja ambalo nimeambiwa tangu nikiwa na miaka kumi na nne, na wewe unayesoma hapa huenda umeambiwa wiki hii: kawaida.

Kwanza nieleze niko wapi, ndiyo mtu asije akaniambia shida ni umbali. Cheptiret iko kama kilomita 20 kutoka Eldoret, kwenye barabara kuu ya kwenda Nakuru, ile ambayo malori ya Uganda hupita usiku na mchana. Hapa ndipo wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Moi hukata kona kuelekea Kesses. Mimi pia nilikuja hapa kama mwanafunzi. Nikasoma, nikahitimu, nikakosa kazi kama wenzangu, nikafungua kiduka cha kuchapisha kazi za wanafunzi na kutoa pesa za M-Pesa. Nikaolewa huku huku. Mjini Eldoret kuna Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, mojawapo ya hospitali kubwa zaidi za umma nchini. Chuo chenyewe kinafundisha madaktari. Mashine ziko. Wataalamu wako. Mimi nilikosa tu mtu wa kuniambia: mama, hebu tuangalie ndani.

Nilienda kliniki mara tatu kwenye mimba ile ya kwanza. Ni kliniki ambayo sitaitaja, kwa sababu najua hadithi yangu ingeweza kutokea katika nyingine mia. Walinipima uzito na presha. Walitoa damu, wakaangalia HIV, kaswende, kiwango cha damu mwilini. Nikakojoa kwenye kikopo. Muuguzi akapitisha tepu tumboni, akasoma, akaipitisha tena.

"Mama, tumbo ni kubwa kuliko wiki zako."

"Sista, wanasema ni mapacha."

"Inaweza. Utaenda skani ukifika miezi saba."

Akaandika kitu kwenye kitabu na kuita anayefuata. Foleni ilikuwa imefika hadi mlangoni, na yeye alikuwa peke yake. Simlaumu sana. Lakini tepu ilishasema, na hakuna aliyeisikiliza.

Wiki ya 17 nilipatwa na maumivu ambayo sijawahi kuyaona. Yalikuwa upande mmoja, chini kulia, mahali pamoja tu, kama mtu amekanyaga hapo na kiatu na hataki kuondoa mguu. Siku tatu. Nilirudi kliniki usiku kwa boda, nikiwa nimeinama. Nikaambiwa ni kawaida, mfuko unapanuka, hasa kama ni mapacha. Nikapewa dawa ya maumivu na ya asidi. Wiki ya 21 nikaanza kutokwa na damu, na kufikia asubuhi mambo yalikuwa yamekwisha. Aliyeniruhusu kwenda nyumbani aliniambia Mungu ndiye ajuaye, mimba nyingine itakuja, bado mimi ni kijana.

Hapa lazima niwe mkweli, maana anayelalamika kwa uongo huwaharibia wenye haki. Siwezi kuapa kwamba uvimbe ndio uliomtoa mwanangu. Mimba hutoka kwa sababu nyingi. Daktari niliyemwona baadaye hakuapa pia, alisema inawezekana tu. Ninachoweza kuapa ni kwamba hakuna aliyeangalia. Nilimzika mtoto bila kujua alikuwa akiishi na nani.

Sasa turudi kwa hilo neno. Nilianza kupata hedhi nikiwa darasa la nane. Kufikia kidato cha pili nilikuwa nikivuja damu siku nane, tisa, nikibadilisha pedi kila baada ya saa moja na nusu, nikitoa mabonge. Matroni akasema ni kawaida, wasichana hawafanani. Mama yangu akasema hata yeye alikuwa hivyo. Shangazi akasema hata nyanya alikuwa hivyo. Tazama ukoo mzima, vizazi vitatu vya wanawake wanaovuja damu, na ushahidi kwamba sote tuna shida moja ukageuzwa kuwa ushahidi kwamba hakuna shida! Chuoni nilinunua shuka nyeusi. Nilidhani nimekuwa mjanja.

Na wale ambao hawasemi kawaida wanasema kosa ni lako. Hapa stejini nimeyasikia yote. Eti faibroidi huwapata wasichana wa chuo kwa sababu ya kumeza P2. Eti ni matunda ya kutoa mimba. Eti ukichelewa kuzaa mfuko unakasirika na kujijazia wenyewe. Kijana wa kanisa fulani aliniambia bila haya kwamba huo ni mtoto wa kiroho aliyetumwa na watu. Nami nikajiuliza, hawa watu wote wanajua kilichomo tumboni mwangu, mbona hakuna hata mmoja aliyewahi kukiona?

Basi kwa kifupi, hiki ndicho kitu chenyewe. Faibroidi ni uvimbe unaoota kutoka kwenye misuli ya mfuko wa uzazi. Si saratani. Hukua kwa kulishwa na homoni za kike, estrojeni na projesteroni. Inaweza kuwa moja au nyingi, ndogo kama punje ya mahindi au kubwa kuliko kichwa cha mtoto. Nyingine huota kwa nje, nyingine ndani ya ukuta wa mfuko, nyingine hujitokeza kwenye nafasi anayokaa mtoto, na hizo za mwisho ndizo zenye fujo zaidi. Utafiti uliofanyika Washington, Marekani, na kuchapishwa mwaka 2003 ulikadiria kwamba kufikia umri wa miaka 50, zaidi ya asilimia 80 ya wanawake weusi huwa wamepata faibroidi, na karibu asilimia 70 ya wanawake weupe. Wengi wao hawahisi chochote. Kwa hivyo ndiyo, ni jambo linalotokea sana. Lakini malaria nayo hutokea sana, na hakuna mtu anayekuambia uiache kwa kuwa ni kawaida.

Mwanamke akishika mimba akiwa nayo, mara nyingi mambo huenda vizuri. Hilo nalisema kwa sauti kwa sababu kuna dada mwenye mimba anasoma hapa huku moyo ukimdunda. Faibroidi nyingi hazikui sana wakati wa mimba, na zinazokua huanza mapema, miezi mitatu ya kwanza. Shida ni hizo chache. Uvimbe ukikua haraka kuliko damu inayoufikia, tishu zake huanza kufa, na hapo ndipo yanapokuja maumivu makali ya mahali pamoja, kama yale yangu ya wiki ya 17. Ukikaa vibaya unamzuia mtoto kugeuka, akabaki ametanguliza matako. Kondo la nyuma likijishika juu yake, linaweza kubanduka kabla ya wakati. Uchungu unaweza kuja mapema. Na baada ya mtoto kutoka, mfuko wenye uvimbe unaweza kushindwa kujikaza vizuri, damu ikaendelea kumwagika.

Hilo la mwisho lisikilize tena. Sensa ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba Kenya hupoteza akina mama 355 kwa kila watoto 100,000 wanaozaliwa hai. Kuvuja damu baada ya kujifungua kunaongoza katika kuwaua. Sisemi wote wana faibroidi, hapana. Nasema kuna mwanamke anayeingia chumba cha kujifungulia akiwa na sababu ya kuvuja damu inayojulikana, inayoonekana kwa skani ya dakika chache, na hakuna damu iliyowekwa tayari kwa sababu hakuna anayejua.

Mimi niliokolewa na printa. Miezi kadhaa baada ya msiba, msichana anayesomea uuguzi, mkaazi wa hapa hapa, aliniletea kazi yake nimchapishie. Kurasa zikawa zinatoka moja moja, nami nikawa nazisoma kama ninavyosoma kila kitu kinachopita mkononi mwangu. Hedhi nzito. Mabonge. Tumbo kubwa kuliko umri wa mimba. Maumivu makali mahali pamoja katikati ya mimba. Nikasimamisha mashine.

"Hii ni nini?"

"Ni faibroidi, anti. Kwani?"

Nikamweleza. Alikaa kimya, kisha akaniambia kwa heshima sana, "Anti, nenda ufanyiwe skani kabla hujashika mimba nyingine." Hakutaka nimlipe ushauri wake, nami sikumtoza kurasa zake.

Skani ilifanyika wiki hiyo hiyo, kwa pesa zangu. Sentimita tisa, ukutani, upande wa kulia chini. Pale pale. Daktari alichora kwenye karatasi, akanieleza kwamba tunaweza kuutoa kwa upasuaji nisubiri kovu lipone ndiyo nishike mimba, au tujaribu nao ukiwa humo kwa kuwa haujaingia kwenye nafasi ya mtoto. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu mtu aliniuliza mimi nataka nini. Nikachagua kujaribu.

Mimba ya pili ilikuwa na shida zote zilizotabiriwa. Maumivu yalirudi wiki ya 18, upande ule ule. Lakini safari hii yalikuwa na jina. Nililazwa siku mbili, nikawekewa maji, nikapewa dawa ya maumivu isiyomdhuru mtoto, yakatulia. Na ujue si kila dawa ya maumivu inafaa. Ibuprofen na jamaa zake hazitakiwi mimba ikishapita nusu, labda daktari mwenyewe aagize. Wiki ya 36 mtoto alikuwa bado amekaa matako chini. Tukapanga upasuaji wa wiki ya 38. Mume wangu na shemeji walienda kutoa damu mapema. Siku yenyewe nilivuja sana, kama walivyosema nitavuja, na nikaongezewa painti mbili ambazo zilikuwa zinasubiri pale. Uvimbe waliuacha, kwa kuwa kuukata wakati ule kungeongeza damu. Binti yangu ana miezi kumi na moja sasa. Anapenda kuvuta karatasi kutoka kwenye printa. Amefunikwa ile shali ya manjano. Ya kijani bado iko kabatini.

Nipe sasa sababu ya kutokasirika. Tumbo ni lile lile. Uvimbe ni ule ule. Barabara ni ile ile ya kwenda Eldoret. Mara ya kwanza nilikuwa nabahatisha pamoja na wauguzi wangu, na mara ya pili kila aliyenigusa alijua anachogusa.

Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kila mjamzito afanyiwe skani moja kabla ya wiki ya 24. Sababu walizotaja ni kujua umri wa mimba, kuona kasoro za mtoto na kugundua mapacha. Sawa. Lakini mtu akishaweka kifaa tumboni kutafuta mapacha, uvimbe wa saizi ya embe hautajificha. Ningekuwa nimefanyiwa skani hiyo moja tu, mapacha wa Cheptiret wangeisha siku hiyo.

Ndiyo maana ninadai kitu kimoja, na ninakidai kwa kila mwanamke wa Kenya, mwenye pesa na asiye nazo: skani moja kabla ya wiki ya 24, bila malipo, na mtu wa kumsomea majibu kwa lugha anayoielewa. Isiwe ya mwezi wa saba, wala ya "ukipata pesa." Iwe sehemu ya kliniki kama vile kupima presha.

Najua majibu. La kwanza ni kwamba hatuna uwezo. Juni 2013 nchi hii iliamua kufuta malipo ya kujifungua katika hospitali za umma. Tuliambiwa haiwezekani, ikawezekana. Na mwaka 2022 mamia ya wakunga wa Kenya walianza kufundishwa kutumia vifaa vidogo vya skani, vya kushika mkononi na kuunganisha na simu. Si lazima kila zahanati ipate mashine ya mamilioni.

La pili ni kwamba akina mama wa mashambani hawaji kliniki. Uongo. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 98 ya wajawazito walihudumiwa na mhudumu mwenye ujuzi angalau mara moja kabla ya kujifungua. Wanawake wanakuja. Wanaacha maziwa, wanaacha mahindi, wanabeba kitabu chao na kukaa kwenye foleni. Sisi tuko hapo tayari, ni nyinyi hamjatuangalia.

La tatu ndilo linaloniudhi zaidi: mtawatisha akina mama bure, maana nyingi hazina madhara. Eti nisijue kilicho ndani yangu kwa ajili ya amani yangu! Nilikuwa na amani hiyo kwenye mimba ya kwanza. Nililala nayo hadi wiki ya 21. Mtu akieleza vizuri, habari haitishi. Kinachotisha ni maumivu yasiyo na jina saa nane usiku juu ya boda.

Na pale ambapo hospitali imenyamaza, wafanyabiashara wanaongea. Fungua TikTok sasa hivi uone. Chai ya kuyeyusha faibroidi. Lulu za kuingiza ukeni zitoe uchafu. Poda ya siku ishirini na moja, unalipia kwa till, unaletewa hadi Cheptiret. Nimewatolea wateja wangu pesa walizoenda kununulia vitu hivyo, wasichana wa miaka ishirini na mbili, na nilikuwa nanyamaza kwa kuwa mteja ni mteja. Sinyamazi tena. Hakuna chai inayoyeyusha misuli. Na ukiwa na mimba, kitu usichokijua kisiingie mdomoni wala kwingine.

Kama unadhani haya ni mambo ya wanawake maskini wa kando ya barabara, msikilize Lupita Nyong'o. Machi 2014 alishinda Oscar, Kenya nzima tukashangilia. Mwaka huo huo aligunduliwa na faibroidi 30 na kufanyiwa upasuaji. Alikuja kulisema hadharani Julai 2025, miaka kumi na moja baadaye, na baadaye akaeleza kwamba zimeota tena, zaidi ya 50. Huyu ni binti wa mtu aliyewahi kuwa Waziri wa Huduma za Matibabu hapa nchini. Ana madaktari, ana pesa, ana jina. Kama yeye alikaa na jambo hili miaka yote hiyo, fikiria muuza mboga wa Burnt Forest. Lupita alisimama na wabunge wa Marekani kudai sheria na pesa za utafiti. Wabunge wetu walimpongeza kwa Oscar. Kwa hili sijasikia wakipiga makofi.

Kwa hivyo, dada, kama unabadilisha pedi kila saa moja au mbili, kama siku zako zinapita saba, kama unatoa mabonge, nenda ukaangaliwe kabla ya mimba. Ukiambiwa ni kawaida, uliza, "Umejuaje kama hujaangalia?" Na ukiwa tayari na mimba, siku ya skani usitoke na picha ya mtoto peke yake. Kaa kwenye kiti na uulize, "Na mfuko wenyewe uko aje? Kuna kitu kingine umeona? Kiko wapi, na kina ukubwa gani?" Uandikiwe kwenye kitabu chako, ndiyo atakayekuzalisha usiku asome.

Na wewe kaka, usikae nje ukitazama simu. Ingia. Usikie pamoja naye. Halafu nenda ukatoe damu kabla ya siku yenyewe, maana siku yenyewe hakuna muda wa kukutafuta.

Mama wa maziwa bado yuko stejini. Wiki iliyopita alimwonyesha kidole msichana mmoja aliyeshuka kwenye matatu, akaniambia kwa furaha, "Yule ni mapacha, tazama tumbo." Nilifunga duka saa hiyo hiyo, nikamfuata yule msichana barabarani.